Senene Ulionitumia

Malvern, Johannesburg,
Mwezi wa tano.

Mke wangu, Mama Koku,

Nakusalimu, kama bado unazipokea salamu zangu. Habari za hapo nyumbani Kamachumu? Mguu wa mama yangu umepungua uvimbe? Koku na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Natumaini masika yamewaachia maharage ya kutosha, na kwamba hayakuozea shambani kama mwaka ule. Mimi ni mzima wa mwili. Kwingine siwezi kusema kwamba ni mzima, na ndiyo sababu nimeketi na kalamu, kazi ambayo sijaifanya tangu tulipopata simu.

Nimekupigia, hupokei. Nimekutumia ujumbe, unasoma na kunyamaza. Nimempigia kaka yako, akaniambia, "Shemeji, mambo ya ndani ya nyumba yenu mimi siyaingilii," akakata. Basi nimebakiwa na barua. Majaliwa, yule dereva wa lori aliyeniletea ndoo yako, anarudi Tanzania wiki hii, na ameahidi kuifikisha mpaka mkononi mwako. Barua huwezi kuikata kama simu. Kuichana unaweza, lakini nakuomba uisome kwanza.

Najua unachofikiri. Baada ya siku ile tulipoongea, Koku aliniandikia kwenye simu: "Baba, mama hakutia chumvi hata chembe, kwa sababu ya presha yako. Wewe ulikula senene wa nani?" Niliusoma ujumbe huo nikiwa kazini, getini, nikahisi masikio yananiwaka. Mtoto wangu mwenyewe, wa kidato cha tatu, ananiuliza swali ambalo mama yake ameona haya kuniuliza.

Nikujibu sasa hivi kabla ya maelezo, usije ukasoma barua nzima roho ikiwa juu. Hakuna mwanamke. Sijala senene wa mtu yeyote huku. Na wako pia sikuwala. Senene wako, Mama Koku, waliliwa na kuku.

Naona kabisa unavyoiweka barua mapajani na kumwita mama aje asikie. Mwite tu. Ila soma mpaka mwisho.

Huku sasa ni majira ya majani kupukutika. Kwetu hakuna kitu kama hiki, mgomba ni kijani mwaka mzima, ndiyo maana mpaka leo bado kinanishangaza. Pale mtaa wa Observatory ninapolinda geti la ghorofa, miti mikubwa imepangana barabara nzima, na mwezi huu yote imegeuka rangi ya kutu. Asubuhi nafagia mbele ya geti pakawa safi, nikigeuka kumfungulia mtu mlango nakuta chini pamejaa tena. Baridi ya asubuhi inauma vidole, lakini mchana jua ni la kupendeza, halichomi. Wauza machenza wamejaa kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani. Akina mama wanatoa mablanketi masandukuni na kuyaanika uani. Kila majira haya yakifika akili yangu inarudi nyumbani yenyewe, maana najua ndio wakati senene wa masika wanashuka.

Naikumbuka rweya, mbuga yetu ya nyasi, asubuhi mapema, nyasi zimelowa umande, ninyi wanawake mmejifunga kanga viunoni, mnainama na kunyakua kabla jua halijawachangamsha wakaruka. Siku hizi wenzetu wanategesha mabati na mataa makubwa, wanajaza mapipa kwa mapipa kupeleka sokoni. Wewe na mama mmekataa katakata. Mama anasema senene wa bati hana tofauti na mtu aliyeanguka kwenye ngazi, amevunjika kila mahali. Nakumbuka mlivyokuwa mkikaa barazani kuwanyonyoa, mabawa huku, miguu huku, na midomo yenu ikiwasema waume wa watu bila huruma. Mimi nikipita mlikuwa mnanyamaza ghafla, nikajua nilikuwa kwenye foleni.

Na desturi tunaijua wote. Mke anamletea mume senene. Mume akishakula akaridhika, anajibu kwa nguo. Nguo ile mke anaivaa kanisani, na wanawake wenzake wanajua ni ya nini bila kuuliza. Kila masika tangu nije huku umenitumia ndoo, na kila mara nimekujibu kwa kitenge. Mtu mwingine ataona wadudu na kitambaa. Mimi nimekuwa nikiona kwamba hapo ndipo ndoa yetu iliposhikilia, kwa sababu mengine yote tunayafanya kwa simu, hata kugombana.

Mwaka huu Majaliwa alinikabidhi ndoo pale mjini, nyuma ya maduka ya jumla anakoshushia mzigo. Kifuniko ulikifunga kwa kipande cha kanga yako ya njano, ile uliyokuwa ukimbebea Koku. Niliitambua mara moja. Nikapanda teksi, ndizo daladala za huku, kurudi Malvern nimeipakata ndoo. Kwenye teksi za huku mimi siongei. Ukitamka neno moja tu wanajua hukuzaliwa hapa, na kuna siku watu hawapendi kulijua hilo. Kwa hiyo nanyoosha mkono na pesa, natikisa kichwa, nashuka. Nimeshazoea, sikulalamikii. Nakueleza tu ili ujue nilikuwa nimefikia wapi katika kujificha.

Nilipofungua ndoo niliona senene wamepata unyevunyevu kidogo kwa safari ndefu. Sikumwonja hata mmoja. Nilitaka niwaanike kwanza, kisha Jumapili niwapashe kikaangoni na kuwala kwa ndizi za kupika, mezani, kama mtu aliye kwake. Ndizi nilikuwa nimeshazinunua kwa Wakongo. Basi Jumamosi mchana nikawatandaza kwenye sinia kubwa, nikaweka sinia juu ya kiti uani, palipo na jua.

Chumba changu ni cha uani, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mzee tunayemwita Gogo, yaani bibi. Ninaishi na Fideli, Mrundi, fundi cherehani, nilishakutajia habari zake. Gogo ni mtu mwema. Siku ile watu walipoandamana kwenye barabara ya Jules wakipiga kelele kwamba wageni warudi kwao, alifunga geti kwa mnyororo, akaweka kiti chake mbele ya geti, akakaa hapo na fimbo yake mpaka wakapita. Anafuga kuku kwenye banda la waya pembeni mwa uwanja, na anawapenda kuliko baadhi ya wajukuu zake.

Jumamosi hiyo Gogo alikuwa na wageni wawili, akina mama wa kanisani kwake, wamevaa sare zao, kola nyeupe pe. Walikuwa wanatoka kwenye sala. Wakapita uani kwenda kuona kuku, na sinia likawa njiani mwao.

"Eish, Gogo!" mmoja akasema. "Wapangaji wako wanaanika nini hapa? Panzi?"

Mwenzake akainama, akaangalia, kisha akaziba pua, ingawa harufu ilikuwa nzuri tu. "Mnakula hawa?" akaniuliza.

Mama Koku, ningeweza kukuambia niliogopa. Ungeelewa, na ningepata kisingizio kizuri, kwa hali ya huku ilivyo. Lakini sikuogopa. Wale walikuwa akina mama wawili wazee, na Gogo alikuwa amesimama hapo hapo. Niliona aibu, basi. Waliangalia sinia, halafu wakaniangalia mimi, na mimi nikajiona kama walivyoniona. Na wewe pia nikakuona hivyo, umeinama kwenye nyasi na kanga yako. Nikaona haya kwa ajili yako. Neno hili nimelizunguka siku nyingi kabla ya kuliandika.

"Hapana, mama," nikasema haraka haraka kwa Kizungu changu cha kuungaunga. "Sisi hatuli hivi. Ni chakula cha kuku. Nimemnunulia Gogo, kwa ajili ya kuku wake."

Gogo alinitazama. Akalitazama sinia. "Kwa kuku wangu?"

"Ndiyo, Gogo."

"Una mpangaji mwenye adabu," yule wa kwanza akamwambia, "wa kwangu hata taka hatoi."

Gogo akalichukua sinia kwa mikono miwili, akaenda nalo mpaka bandani, akafungua mlango wa waya, akamwaga. Na mimi nilifanya nini? Nilitabasamu. Nikainua dole gumba nikasema, "Sharp, Gogo!" kama kijana wa mjini. Jogoo akawaita majike wake, wakaja mbio wakikanyagana. Kila mmoja wa senene wale ulimnyonyoa kwa vidole vyako, na mimi nilisimama nikiwaangalia kuku wanavyowameza, meno yangu yote nje.

Fideli alikuwa mlangoni, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Ameona yote. Wageni walipoondoka alinifuata chumbani.

"Mais weye, mwenzangu," akasema, "ile ndoo si ilitoka kwa madamu wako?"

"Niache, Fideli."

"Sikuachi. Ilitoka kwa madamu wako, na weye umeipa kuku?"

"Nitamweleza."

"Utamweleza nini? Mimi mama yangu akinitumia hata udongo wa kwetu, nitaulamba mbele ya watu, na nitasema merci."

Nikamwambia afunge mdomo. Akaufunga, lakini cherehani yake jioni ile ilipiga kelele kuliko siku zote, najua alifanya makusudi.

Jumapili ukanipigia. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia ukweli, nakuapia. Lakini sauti yako ilikuwa na furaha. Ukauliza, "Baba Koku, umewaonja?" Na mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Nimewaonja, mke wangu. Watamu kupita wa mwaka jana. Na chumvi imekolea vizuri."

Nilisikia mvua kwenye bati la jikoni kwako.

"Chumvi," ukasema.

"Ndiyo, umeipatia hasa."

"Haya, Baba Koku. Siku njema."

Nikadhani vocha imekuishia. Fikiria upumbavu wangu, nilifurahi hata. Nilijiona nimevuka salama. Kesho yake nikaenda mjini nikakununulia kitenge, cha bluu chenye maua makubwa, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukutumia, nikijua wazi kwamba nanunulia uongo wangu nguo. Nikakikunja nikakiweka kwenye mfuko kumsubiri Majaliwa. Ndipo Koku akaniandikia.

Mwezi wa kwanza kliniki waliniambia nipunguze chumvi, na mimi nikakutajia kwa kupitapita tu, tulipokuwa tunaongelea mambo mengine. Mimi mwenyewe nilishasahau kwamba nilikuambia, na chumvi naila kama kawaida. Wewe ulikaa nalo mpaka masika, ukakaanga ndoo nzima bila chumvi kwa ajili ya mshipa wa damu wa mtu aliye mbali. Halafu mtu huyo anakusifia chumvi. Kwa hesabu yoyote ile, mke mwenye akili atajiuliza kikaango chenye chumvi kilikuwa cha nani. Sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi, ningenyamaza zaidi yako.

Jioni ya siku niliyopata ujumbe wa Koku nilikaa kwenye ngazi ya mlango wangu, chakula kimepoa pembeni. Gogo alikuja kuwafungia kuku wake, akaniona.

"Mwanangu, nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasimama tu, hakuondoka. Ndipo nikamweleza. Nilimweleza habari ya senene, na ya mke kumtumia mume, na nguo, na chumvi. Nilikuwa natazama chini muda wote. Nilitegemea ashangae.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Gogo?"

"Chakula cha kuku hakinyonyolewi miguu." Akaketi kwenye kile kile kiti nilichoanikia. "Hakuna mtu anayekaa kutoa bawa moja moja kwa ajili ya kuku. Nilipofika bandani, wale dada wamenipa mgongo, nilichukua mmoja nikamtia mdomoni. Alikaangwa na mtu anayejua kazi yake. Chumvi tu ndiyo haikuwamo."

Akaendelea kuniambia habari za kwao Limpopo. Mwezi huu huu, anasema, dada zake wapo porini tangu alfajiri, wanaokota masonja. Masonja ni viwavi wanene kama kidole, wanakaa kwenye miti inayoitwa mopane. Wanawake wanawaokota mmoja mmoja, wanawakamua matumbo, wanawachemsha na chumvi, wanawaanika juani kwenye mikeka. Watoto wanatumwa kufukuza ndege. Jioni wanakaa wanachagua wakubwa na wadogo huku wakiimba na kusemana. Alipokuwa anaeleza uso wake ulibadilika kabisa, nikaona msichana. Alinionyesha hata kwa vidole jinsi ya kumkamua mmoja bila kumpasua.

"Unawapika hapa?" nikamuuliza.

"Siku hizi hapana. Wajukuu wanasema nyumba inanuka. Na wale dada wa kanisani watasema mimi ni mshamba bado. Dada zangu wakinitumia nawala jikoni, mlango nimeufunga."

"Sasa mbona siku ile hukusema kitu, Gogo?"

Akaniangalia sana. "Na wewe mbona hukusema?"

Tukakaa hapo, watu wazima wawili, kila mmoja amemficha mwenzake chakula cha kwao.

Kwa hiyo ujue, Mama Koku, katika mji huu wote mtu pekee aliyekula senene wako ni Gogo, mmoja tu, tena kwa kujificha. Ameniomba nikuambie kwamba umepatia.

Kesho yake alichinja kuku. Alimchagua yule mwekundu, akisema ndiye aliyekula kwa pupa kuliko wote. Akampika vizuri, akatuletea mimi na Fideli na pap, ambao ndio ugali wao. "Kula," akaniambia. "Chakula cha mke wako kimo humu ndani." Alisema kwa huruma, hakuwa ananicheka. Fideli ndiye aliyenicheka. Alikuwa ameshajitolea kuongea nawe kwa simu na kukuapia kwamba alishuhudia kwa macho yake, lakini alipomaliza paja la kuku akasema, "Mwenzangu, sasa kesi yako imekwisha. Ushahidi uliliwa na kuku, na kuku tumemla siye."

Na mimi nilikula. Kama ningetaka kujipendekeza kwako ningesema nilisikia ladha ya senene mle ndani. Sikusikia. Ilikuwa nyama ya kuku na mchuzi, basi.

Tangu siku hiyo nimejitazama. Nimegundua ni mengi niliyoyapa kuku bila wewe kujua. Koku akinipigia nikiwa getini na wenzangu wapo, namjibu kwa Kizungu, naye anadhani namfundisha. Mama akinipigia siku ya kazi sipokei, kwa sababu anapenda kuongea kwa sauti kubwa Kihaya na mimi nitalazimika kumjibu hivyo hivyo. Siku moja mtu wa ghorofani aliniuliza kwetu ni wapi, nikamtajia mji mkubwa ambako sijawahi hata kulala. Nilijiambia ni busara ya kuishi ugenini. Nyingine ni busara kweli. Lakini siku ile uani hakuna aliyenitishia. Nilikana chakula chako mbele ya kola mbili nyeupe, na nikatabasamu.

Sasa nije kwenye kitenge. Kipo hapa kitandani karibu na ninapoandikia. Sitampa Majaliwa. Nguo ya senene inasema kwamba mume amekula na ameridhika, na mimi sikula. Nikikutumia nitakuwa nimekudanganya mara ya pili, na safari hii utakuwa umeuvaa uongo wangu mwilini, kanisani, mbele za watu. Hilo sitakufanyia.

Lakini najua maana ya kutokutuma. Wenzako wameshavaa za kwao. Najua wanavyohesabu kwa macho. Watasema senene wako walikataliwa, au watasema lile ulilokuwa unalifikiri wewe mwenyewe, na watalisema kwa upole, ambao unauma zaidi. Aibu ni yangu, lakini nikinyamaza wewe ndiye utakayeibeba pale kijijini, na mimi huku nitaendelea kufagia majani, hakuna anayenijua.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu, na siyo msamaha, huo utautoa ukiwa tayari au usiutoe. Kahawa zinaanza kuiva. Mtakapokaa kuanika, wanawake wote wa jirani wakiwepo, wasomee barua hii. Yote. Soma kwa sauti, kama unavyosoma matangazo kanisani. Wakicheka kwenye jogoo, waache wacheke, ni haki yao. Ukifika pale niliposema "sisi hatuli hivi", usiruke. Hapo soma mara mbili.

Na senene wa mwezi wa kumi na moja usinitumie. Wakaange, watie chumvi unavyopenda wewe, ukae mezani ule na watoto. Najua zamani mwanamke alikuwa hali, ilikuwa kazi yake kuwanyonyoa tu na kumtazama mume akitafuna. Wewe kula. Mama akikuuliza, mwambie mwanawe ndiye aliyesema.

Nisalimie mama, na umwambie nitampigia Jumamosi nikiwa kazini, aongee Kihaya kwa sauti yoyote anayotaka. Msalimie kaka yako, mwambie alifanya vizuri kunikatia simu. Msalimie shangazi yangu anayetuchungia mbuzi, na yule mama mchungaji aliyetufungisha ndoa, ingawa sijui atanionaje baada ya haya. Mdogo wake Koku mbusu kwa niaba yangu. Koku mwenyewe mwambie swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ni hili: baba yako hakula senene wa mtu, aliwaonea haya wa mama yako.

Gogo anakusalimu. Fideli anasema nikuandikie kwamba kama ni yeye, angewala wote usiku ule ule, hata mbichi.

Ni mimi, mumeo mpaka utakaponiambia vingine,

Baba Koku